Faith na Jua la Kipupwe

"Mtoto wa watu si viazi, Mama Justa, ummwagie maji ya moto ngozi imenyeke!"

"Edith, chunga mdomo wako!"

"Sichungi! Nimeuchunga tangu Jumatatu, leo umechoka kuchungwa."

Pale bombani Katandala ndoo zilikuwa kwenye foleni kama kila asubuhi, na wenye ndoo wamejikunyata ndani ya makoti na vitenge. Mwezi wa sita upepo wa Sumbawanga hauna adabu. Unaingilia kwenye mikono ya sweta na kutokea mgongoni. Siku nyingine wanawake wale wangechota haraka wakimbilie jikoni, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka baridi. Hata yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika aliiacha ndoo ifurike, macho kwa Edith, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kelvin, na kwa jirani yake Dominika, yaani Mama Justa.

Justa mwenyewe alikuwa nyuma ya mama yake, ameshika ndoo ndogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kwa kawaida ugomvi wa bombani ulimfurahisha kuliko hata michezo. Siku hiyo alitamani ardhi ipasuke.

"Kama ni uongo," Mama Kelvin aliendelea, mikono kiunoni, "tuambie mbele ya hawa wote. Mabega ya yule mtoto yamefanya nini?"

Mama Justa aliinamia ndoo yake. "Sijui. Nadhani ni sabuni. Ile mpya."

"Sabuni!" Mwanamke mmoja aliangua kicheko, wengine wakafuata. "Sabuni gani hiyo inayobabua? Hiyo si ya kuogea, shoga, hiyo ya kuchunia ng'ombe!"

"Na habari za maji ya moto umezitoa wapi wewe?" Mama Justa alimgeukia Mama Kelvin.

"Nina shahidi," alisema Mama Kelvin kwa kujivuna. "Tena wa ndani. Na simtaji, hata mniwekee kisu shingoni."

"Wa ndani!" Mama Justa alicheka kwa hasira. "Ndani kwangu yupo nani? Mimi, Justa na huyo mtoto. Baba yao yuko Kasanga mpaka mwisho wa mwezi. Labda shahidi wako ni panya!"

Ndoo ilimponyoka Justa mkononi. Watu waligeuka kumtazama. Aliinama kuiokota, akakaa amejiinamia muda mrefu kuliko ndoo ilivyohitaji. Mama yake hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mtoto aliyegombewa aliitwa Faith, na alikuwa na miaka mitatu. Mama yake mzazi alikuwa akiuza chai na vitumbua kando ya barabara kuu, karibu na Laela. Baba yake alikuwa fundi kutoka Uchina, aliyerudi kwao kabla mtoto hajazaliwa, na hakuna aliyejua anwani yake. Mama yule alipougua na kufariki, ustawi wa jamii walitafuta familia ya kumlea Faith. Ndipo Mama Justa na mumewe, ambao baada ya Justa hawakujaliwa mtoto mwingine, walipokwenda kumchukua kwa malezi ya kambo. Sasa karatasi za kumwasili, yaani kumfanya mtoto wao kisheria, zilikuwa zimebakiza hatua chache kufika mahakamani.

Siku Faith alipoletwa, uwani hapakuwa na pa kukanyaga. Watoto walisukumana dirishani. "Mchina! Mchina!" Mama Justa alipojaribu kumsuka, nywele za mtoto, nyeusi ti na zilizonyooka, zilimshinda kabisa. Alisuka mabutu manne, na kabla hajamaliza la nne, la kwanza lilikuwa limeshafumuka. Ushauri ulinyesha kama mvua ya masika. Mnyoe. Msuke kwa uzi. Mpake mafuta ya mgando. Kila mtu alikuwa mtaalamu, na Mama Kelvin alikuwa mwalimu mkuu wao.

Ni yeye pia aliyesema, kipupwe kilipoingia, "Huyu hajazoea baridi yetu. Mpakeni mafuta mazito mumwanike juani, joto limwingie mifupani."

Ushauri huo haukuwa wa ajabu. Watoto wote wa mtaa wamekuzwa hivyohivyo. Wakati wa baridi mama anampaka mwanawe mafuta mpaka anang'aa, anamkalisha kwenye mkeka mahali upepo haufiki, naye anaota jua mpaka anasinzia. Kila mtu alijua kwamba mwenye ualbino hukingwa dhidi ya jua, lakini Faith hakuwa na ualbino, na katika baridi ile nani angeliogopa jua? Mama Justa alimtoa kila asubuhi kwa muda mfupi, akamrudisha ndani. Halikutokea lolote.

Mpaka Jumamosi ile.

Jumamosi Mama Justa alikwenda sokoni kuuza unga wa ulezi. "Mtoto muotishe jua kidogo tu, kisha mwingize ndani," alimwambia Justa. Saa nne Justa alimvua Faith sweta, akambakizia kigauni cha kamba mabegani, akampaka mafuta, akamkalisha kwenye mkeka. Nje ya ua wenzake walikuwa wakicheza rede.

"Justa, njoo, tumepungukiwa mtu!"

"Mara moja tu," Justa alijibu.

Mara moja ilizaa ya pili, ya pili ikazaa ya tano. Upepo ulikuwa baridi, na wachezaji walikuwa wamevaa masweta, hivyo hakuna aliyesikia ukali wa jua. Justa aliporudi, saa saba ilikuwa imepita. Faith alikuwa amelala kwenye mkeka uleule, uso umemwiva, mabega mekundu kama nyanya. Alipoguswa aliamka kwa kilio. Usiku ule ngozi yake ilitoa malengelenge.

"Hiki ni nini?" Mama aliuliza, akimsogezea mtoto taa.

"Sijui, mama. Labda ile sabuni mpya."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulimtoka Jumatatu jioni, mama akiwa hajarudi kutoka sokoni, Mama Kelvin alipoingia kuazima chekecheo na kumkuta Faith hana shati.

"Yesu wangu! Kaunguzwa na nani huyu?" Kisha macho yake yakamgeukia Justa. "Na wewe Jumamosi si nilikuona unarukaruka na mpira huko nje? Mtoto ulimwacha na nani?"

"Na... na mama," Justa alisema. "Mama alikuwa anamwogesha. Maji yalikuwa ya moto. Tafadhali usinitaje."

Alidhani maneno hayo yataishia pale pale. Alisahau kwamba alikuwa akizungumza na Mama Kelvin.

Siku ileile ya ugomvi wa bombani, jioni, mwenyekiti wa mtaa, Mzee Bundala, alibisha hodi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia yake mkononi.

"Mama Justa, malalamiko yamefika. Ijumaa saa nane Afisa Ustawi wa Jamii anakuja kumwona mtoto. Mpaka siku hiyo asitoke nje. Sawa?"

"Watamchukua, mzee?"

Mzee Bundala aliitazama kofia. "Mimi nimetumwa kuleta taarifa tu, mama."

Nyumba ikafungwa. Mama hakwenda sokoni. Dirisha la mbele, ambalo kila siku lilikuwa wazi kwa ajili ya salamu za wapita njia, lilishushwa pazia. Nje miguu ilipita polepole, kisha ikasimama, kisha minong'ono, kisha miguu tena. Faith aligonga mlango kwa kiganja chake. "Nje. Dada, nje." Justa alimbeba akamzungusha chumbani, kutoka kitandani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi kitandani, akiogopa kumgusa mabega.

Alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Lakini kila alipougeuza ule uongo huku na huku, hakuona mlango wa kutokea. Akisema si sabuni, mama atauliza ni nini. Akisema ni jua, Mama Kelvin atauliza mbona ulisema maji. Kila uongo ulikuwa umesimama mlangoni kumlinda mwenzake, na yeye Justa yuko katikati.

Alhamisi shuleni Kelvin alimfuata wakati wa mapumziko.

"Mambo, Justa."

"Poa."

"Eti kesho mama yako anapelekwa polisi?"

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima. Ila mama yangu anasema hakutaka yafike huko. Anasema alitaka aonywe tu." Kelvin alikwaruza ardhi kwa kiatu. "Kwani kweli alimmwagia maji?"

Justa aligeuka akakimbilia nyuma ya madarasa. Kengele ilipolia aliingia darasani, akakaa, na kitabu chake kikabaki kimefungwa mpaka kipindi kikaisha.

Jioni alimkuta mama ameweka begi dogo kitandani, anakunja nguo za Faith moja moja. Alikunja soksi, akazikunjua, akazikunja upya.

"Mama."

"Nini?"

Justa aliitazama ile soksi. "Chumvi... chumvi imeisha."

"Azima kwa..." Mama aliitia soksi begini. Kwa miaka yote chumvi yao iliazimwa kwa Mama Kelvin. "Basi. Leo tutakula hivyo hivyo."

Ijumaa saa nane sebule ilijaa. Afisa Ustawi wa Jamii, Bi Adela, alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya upole na kalamu isiyochoka. Mzee Bundala alikaa karibu na mlango. Mama Kelvin, aliyeitwa kama mlalamikaji, alikaa ukingoni mwa kiti, akivutavuta pindo la kitenge chake.

Bi Adela alimtazama Faith, aliyejificha kwenye shingo ya mama. "Jeraha hili lina siku ngapi?"

"Tangu Jumamosi," alijibu Mama Justa.

"Na hukumpeleka hospitali?"

"Sikumpeleka."

"Kwa nini, mama?"

Mama Justa alimvuta Faith karibu zaidi. "Niliogopa. Nilijua kule wataandika, na karatasi ikifika kwenu mtasema sifai. Mimi watoto wa rangi yake sijawahi kulea. Nywele zake sizijui, ngozi yake siijui. Kila siku najifunza kwa kubahatisha, na nikiuliza watu wananicheka. Sasa ningemuuliza nani?"

Kalamu ya Bi Adela ilisimama kidogo. Kisha akamgeukia Mama Kelvin. "Wewe uliambiwa na nani habari za maji ya moto?"

"Niliahidi kutomtaja," Mama Kelvin alisema kwa sauti ndogo, macho yakiwa sakafuni.

Bi Adela alipumua. "Basi nina mtoto aliyeungua na hakuna anayenieleza aliunguaje. Mama Justa, kazi yangu ya kwanza ni usalama wake. Leo ataondoka nami mpaka tujue ukweli."

Hakuna aliyelia. Mama Justa aliinuka akaleta lile begi. Alilifungua, akaanza kueleza kama anayemkabidhi mgeni funguo za nyumba. "Asipojifunika kitenge hiki halali. Chai yake usiweke tangawizi, inamwasha. Akiamka usiku huwa anaita 'dada', simwitii mtu mwingine, namwamsha Justa. Sasa huko akiita 'dada'..."

Hakumaliza.

"Ni mimi!" Justa alisikia sauti ikipasuka, na ilikuwa yake. "Si maji, na si sabuni! Ni jua! Nilimwacha juani na mafuta mwilini, mimi nikaenda kucheza rede. Tangu saa nne mpaka saa saba. Mama hakuwepo. Mama hajui chochote!"

"Justa!" Mama Kelvin aliruka kutoka kitini. "Si wewe uliyeniambia maji ya moto?"

"Na mimi uliniambia sabuni," Mama alisema taratibu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Niliogopa ungenipiga. Halafu niliogopa ungejua nimedanganya. Halafu nikaogopa kila kitu." Justa alikuwa analia sasa, kamasi na machozi pamoja, hajali nani anamwona.

Bi Adela alimvuta Faith magotini pake kwa upole, akashusha shati. Ngozi ilikuwa imebabuka puani, kwenye ncha za masikio, kwenye mikono ya juu na mabegani. Lakini juu ya kila bega, pale kamba ya kigauni ilipokuwa, palikuwa na mstari ulionyooka wa ngozi nzima, laini, kana kwamba umechorwa kwa rula.

"Tazameni," alisema. "Maji ya moto hayachori mstari. Yangepenya kwenye nguo. Hii ni alama ya jua, na mtoto huyu amesema kweli."

Mzee Bundala alisogea akatazama, akatikisa kichwa. Mama Kelvin alitazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mafuta na jua ni ushauri wangu," alisema hatimaye. "Ni mimi niliyesema mumwanike. Wanangu wote watano nimewaanika."

"Na haukuwadhuru," alisema Bi Adela, "kwa sababu ngozi yao ni nyeusi na ina kinga zaidi, ingawa jua kali si zuri kwa mtoto yeyote. Ya Faith ni nyeupe kuliko yao. Hapa kwetu nyanda za juu jua ni kali hata kukiwa na baridi, upepo unatudanganya tu tusilisikie. Mtoto huyu anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli, hasa mchana, na kamwe asipakwe mafuta akawekwa juani. Akiungua, apozwe kwa maji safi ya baridi, anywe maji mengi, malengelenge yasipasuliwe, na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo."

Alifunga daftari.

"Na kosa lingine ni letu. Tulikupa mtoto, Mama Justa, tukakupa na karatasi, tukasahau kukupa maarifa. Simchukui leo. Tunakwenda naye kituo cha afya sasa hivi. Kisha nitakuja kila wiki mbili, si kukuvizia, bali kukusaidia. Kule Laela kuna familia inayolea mtoto mwenye asili kama yake. Nitawakutanisha, mtaulizana bila kuchekana. Lakini mimi naishi mbali, majirani wanaishi hapa. Mama akienda sokoni, mtoto huyu atakaa na nani mtu mzima?"

Mzee Bundala alikohoa.

"Na mimi," Mama Kelvin alisema. "Kama nitaruhusiwa."

Mama Justa alikuwa anamfunga Faith mgongoni kwa uangalifu, akitanguliza kitenge laini juu ya mabega.

Kesho yake asubuhi Justa alikwenda bombani na mama yake. Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Mama alimwambia tu, "Maneno uliyoyatoa yamefika pale. Nenda ukayafuate." Mbele ya foleni ile ile alisema yote, kuanzia rede mpaka sabuni. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa wa kwanza kucheka Jumatano alijitia kukamua kanga iliyokuwa kavu.

Mchana walipika pamoja. Faith, amepakwa dawa aliyopewa kituoni, alikaa kivulini kwenye kibaraza akiongea na vifuniko vya sufuria. Pazia la mbele lilikuwa limefunguliwa.

"Bado umenikasirikia, mama?" Justa aliuliza.

Mama aliendelea kusonga ugali wa ulezi, mwiko ukienda kwa nguvu. "Nimekasirika, ndiyo. Na rede hutacheza mpaka shule zifungwe. Lakini sikiliza. Kumsahau juani ni kosa, na kosa kila mtu hukosea. Ungeniambia Jumamosi ileile, ningefoka, ningempeleka kwa daktari, yangeishia hapo. Wewe ulificha kosa lako, na mimi nikaficha woga wangu, na katikati yetu aliumia mtoto ambaye hajui kuficha kitu. Siku nyingine ukikosea, njoo useme kabla maneno hayajapata miguu. Na mimi nikishindwa, nitauliza, hata kama watacheka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mama alipakua. Aliweka sahani ya dagaa wa kukaanga katikati ya mkeka, akainua kichwa. Ng'ambo ya ua Mama Kelvin alikuwa anapita kwa mara ya tatu, ameinama, anaita, "Kuu, kuu, kuu," akichungulia vichaka ambavyo havingeweza kumficha hata kifaranga.

Mama Justa alimtazama. Kisha akasogea pembeni kwenye mkeka, nafasi ikapatikana.

"Edith!" aliita. "Kuku wako yumo bandani, nimemwona mwenyewe. Mwache. Nawa mikono, uingie ule, ugali unapoa."